Jua Kali Si Sekta

Kwa mara nyingine tena nimeketi katika mkutano hapa Nairobi na kuonyeshwa uchumi wa Kenya ukiwa umegawanywa mara nne: kilimo, viwanda, huduma na jua kali, yaani kazi ndogondogo zisizo rasmi. Nimeichoka chati hiyo. Vipande vitatu vya kwanza hujibu swali la kazi gani inafanywa, na cha nne hujibu swali la hali ambamo kazi hiyo inafanyika: kama kuna leseni, vitabu vya hesabu, au hata paa. Ni sawa na kuwagawa abiria wa matatu kuwa wanaume, wanawake na waliosimama.

Uainishaji wa shughuli za kiuchumi wa Umoja wa Mataifa, ISIC, ambao takwimu zetu za taifa huufuata, una makundi makuu 21 katika toleo lake la nne, A hadi U, nao haujali biashara imesajiliwa au la. Fundi wa Kamukunji anayegonga bati hadi likawa sanduku yumo katika C, kundi la utengenezaji wa bidhaa, pamoja na viwanda vikubwa vya Eneo la Viwanda, na kwa kuwa anauza alichokitengeneza mwenyewe, kuuza huko hakumfanyi mchuuzi. Jirani yake anayenunua sufuria ili aziuze yumo G, biashara. Mwenye mkokoteni, H, uchukuzi. Zilizobaki nitaziruka.

Najua neno "sekta" lilivyotufikia: ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, ya mwaka 1972, ndiyo iliyolieneza jina la sekta isiyo rasmi. Kama kipimo cha hali ya ajira lina manufaa makubwa, maana nje ya kilimo cha wakulima wadogo zaidi ya asilimia 80 ya kazi zetu zimo humo. Lakini ukilifanya kipande cha chati, unakata nyuzi zinazoziunganisha shughuli zenyewe. Bati la sanduku lile limetoka kiwandani, kwa hiyo ni C inayoiuzia C, na jedwali la ugavi na matumizi, linaloonyesha nani huzalisha bidhaa na nani huzitumia, linapaswa kulionyesha hivyo. Sanduku likinunuliwa na mzazi wa mwanafunzi wa bweni, huhesabiwa kuwa matumizi ya kaya, wala si pembejeo ya elimu, hata kama bila shule lisingenunuliwa kamwe.

Hata hivyo, uainishaji huu nao una mahali unaponitoa jasho. Fundi cherehani wa Gikomba akishona sare mpya ni C; akipunguza suruali ya mtumba ni S, kundi la huduma nyinginezo. Anayefanya yote mawili huainishwa kwa shughuli inayoongeza thamani kubwa zaidi, jambo ambalo haliwezi kujulikana kwa mtu asiye na daftari. Mmoja nilimwandika C kwa sababu tu nilimkuta asubuhi akishona sare. Ningefika jioni, ningemwandika S.