Mlio wa gia juu ya mnara: kelele za kimitambo za turbini ya upepo

Kelele za kimitambo za turbini ya upepo ni zile zinazotoka kwenye vyuma vyake: giaboksi (sanduku la gia), jenereta, feni za kupoza na mota zinazoigeuza ifuate upepo. Ule uvumi wa mapanga, yale mabawa marefu yanayozungushwa na upepo, vuu, vuu, ni habari nyingine. Huo ni upepo unaokatwa.

Sisi Uganda umeme wetu mwingi ni wa maji ya Nile, na waliowahi kuziona turbini hizi huenda waliziona Ngong, wakiwa safarini Kenya. Lakini kelele ya aina hiyo tunayo. Pita Kisenyi, Kampala, mashine za kusaga posho zikiwa kazini, usikie kila moja na mlio wake.

Mlio huo una hesabu. Gia ya meno 24 ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani 25 kwa sekunde, meno yake hukutana na ya mwenzake mara 600 kila sekunde. Hiyo ni hezi 600. Sikio huzoea uvumi kama linavyozoea mvua juu ya mabati. Mlio mmoja usiokatika hulifuata mpaka kitandani, hata ukiwa mdogo.

Sasa, mtu atasema: si waifunike tu giaboksi? Tazama adungu, kinubi cha Waalur. Uzi peke yake hausikiki mbali. Sanduku ndilo linaloupaza. Kwenye turbini, mtetemo wa gia hupita kwenye fremu, ukashuka katika mnara wa chuma ulio mtupu ndani au ukaingia kwenye mapanga, na hivyo ndivyo vinavyoimba. Weka simu inayotetema juu ya meza tupu, kisha juu ya kitenge kilichokunjwa. Simu ni ileile.

Ndiyo maana turbini huigwa kwanza ndani ya kompyuta. Programu hukokotoa jinsi kila jino linavyopinda likibeba mzigo, kisha hugawa fremu, mnara na mapanga vipande vidogovidogo ili kujua mtetemo utapita wapi na sauti gani itamfikia aliye chini. Kinachosakwa ni pale mlio wa meno unapolingana na mtetemo wa asili wa mnara au panga, yaani kasi ambayo chuma hicho hutetemeka chenyewe kikigongwa, maana hapo kidogo huvimba kikawa kikubwa. Turbini nyingi za leo hubadili mwendo kadiri ya upepo, kwa hiyo lazima kila mwendo upimwe. Upepo mdogo ndio msumbufu: mapanga hayavumi vya kutosha kuufunika mlio.

Tiba nazo hufuata njia ya mtetemo. Meno hukatwa kwa mshazari yaingiane taratibu. Giaboksi hukalishwa juu ya raba, kama injini ya gari. Mlio kaidi hufungiwa uzito wenye springi, uliopimwa kwa ajili ya mlio huo tu. Kampuni ya Enercon ya Ujerumani iliiondoa giaboksi kabisa tangu miaka ya 1990, lakini jenereta nayo hunguruma kwa mvutano wa sumaku zake, na hesabu ikaanza upya.