Jino la mbele halileti spidi: dhana potofu kuhusu sproketi za pikipiki za porini

Ombi linalofika gereji mara nyingi kuliko mengine yote ni hili: "Fundi, nifungie sproketi kubwa mbele, nataka ikimbie." Sproketi ni gurudumu la meno linaloshika cheni, moja mbele kwenye injini na moja nyuma kwenye gurudumu. Anayeliomba ombi hilo hana pikipiki ya mashindano ya lami. Ana DR650, KLR650, CRF250L au DT125 ya mradi, udongo mweusi wa mbuga umekaukia kwenye swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma), na harufu ya klachi iliyoungua inasikika injini ikiwa bado ya moto. Sproketi anayoitaka ndiyo itakayoimaliza klachi hiyo.

"Ongeza jino mbele, spidi itapanda"

Hesabu yenyewe haina ubishi. Gawa meno ya nyuma kwa meno ya mbele, unapata uwiano. DR650 inatoka kiwandani na 15 mbele na 42 nyuma, yaani 2.8: sproketi ya mbele inazunguka mara 2.8 gurudumu likizunguka mara moja. Weka 16 mbele, uwiano unashuka hadi 2.625, na kwa mizunguko ileile ya injini pikipiki inasonga mbele zaidi kwa asilimia 6.7. Watu wengi wanaishia hapo. Hawajiulizi injini itaitoa wapi nguvu ya kufikia mizunguko hiyo.

Kwenye barabara tambarare, kinachoizuia pikipiki kukimbia zaidi ni upepo, na upepo haupandi sambamba na spidi. Spidi ikiwa mara mbili, nguvu inayotakiwa kuukata upepo inakuwa mara nane. Ile asilimia 6.7 inayoahidiwa na jino moja inaidai injini nguvu zaidi kwa takriban asilimia 21. Sproketi haiongezi nguvu yoyote, inaigawa tu ile iliyopo. Injini ambayo tayari ilikuwa imefika mwisho wake inabanwa, mizunguko inashuka chini ya pale inapotoa nguvu zake zote, na spidi ya juu inabaki palepale au inapungua. Ndipo mwenyewe anagundua kwamba gia ya nne inakimbia kuliko ya tano. Amelipia sproketi na amepoteza gia moja.

Kabla ya kununua, pima. Tafuta barabara tambarare isiyo na watu, siku isiyo na upepo, ukiwa na mzigo wako wa kawaida. Weka gia ya mwisho, fungua mafuta yote, yaani zungusha mpini wa mafuta hadi mwisho. Injini ikifika kikomo cha mizunguko na kuanza kukata moto, hapo kweli gia ndiyo inayokuzuia, na jino la mbele lina kazi. Lakini ikiwa robo ya mwisho ya mafuta haiongezi kitu, au ukishusha gia moja unapata spidi ileile, basi gia yako tayari ni ya mbio kupita uwezo wa injini. Pikipiki ya porini yenye sanduku nyuma, dumu la mafuta na tairi za meno makubwa mara nyingi iko kwenye hali hii ya pili.

Na hasara kubwa haiko juu, iko gia namba moja. Sproketi inazisogeza gia zote kwa pamoja. Ukiivuta ya mwisho ikimbie, na namba moja imekimbia nayo. Porini namba moja ndiyo inayofanya kazi: kwenye mawe ya ukubwa wa kichwa, kwenye mchanga mzito, kwenye tope unalolipita miguu yote miwili ikiwa nje. Namba moja ikiwa ya mbio, pikipiki haiwezi kwenda taratibu bila kuzima, kwa hiyo mwendeshaji anashikilia klachi nusu. Pleti zinateleza zikiwa na mzigo, zinapata moto, uso wake unakuwa kioo na zile za chuma zinabadilika rangi kuwa bluu. Kwa kuwa klachi ya pikipiki hizi inaogelea kwenye oili ileile ya injini, vumbi la pleti linasafiri na oili hadi kwenye fani (beringi) na gia. Dalili ni mbili: mahali klachi inaposhika panahama kwenye mpini, na ukipanda mlima kwa gia kubwa mlio wa injini unapanda lakini spidi haipandi. Ukifika hapo unanunua pleti na springi, na ukizifunga bila kurekebisha sproketi, utanunua tena.

Kwa hiyo sproketi ya porini inachaguliwa kwa kuangalia mahali unapopita taratibu kuliko pote. Kipimo chake hakihitaji kifaa. Injini ikiwa imepata moto, weka namba moja, achia klachi kabisa, mafuta kidogo tu, mtu atembee kando yako kwa hatua za kawaida. Pikipiki inapaswa kwenda naye bila kurukaruka wala kugonga. Ikikuacha ulazimike kushika klachi ili mtu akufikie, gia ni ya mbio mno kwa kazi hiyo. Fanya kipimo hiki na mzigo ukiwa juu, kwa sababu bila mzigo jibu litakudanganya.

Ongeza na mwinuko. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa) inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Njombe iko karibu mita 2,000, uwanda wa Kitulo kama 2,600. Uwiano unaotosha Dar es Salaam unakuwa mzito huko hata kabla hujakutana na tope. Anayehamishiwa kazi nyanda za juu na pikipiki ileile anahitaji kupunguza jino la mbele kuliko anavyohitaji karbureta mpya, ingawa watu hukimbilia karbureta kwanza.

"Jino moja ni kitu kidogo"

Nyuma, ni kidogo. Mbele, sivyo. Toa jino moja mbele kwenye KLR650 yenye 15 na 43, uwiano unatoka 2.867 hadi 3.071, ongezeko la asilimia 7. Ili upate hivyo kwa kugusa nyuma peke yake, unahitaji kuongeza meno matatu. Kwa hiyo anayesema "toa moja mbele, ongeza matatu nyuma" amebadilisha mara mbili: DR650 ya 15 na 42 ikiwa 14 na 45 inakuwa 3.214, karibu asilimia 15 zaidi. Kwa mtu anayelala na kuamka kwenye mawe ni sawa. Kwa anayesafiri kilomita 60 za lami kabla ya kuingia porini, injini italia njia nzima.

Ushauri wangu kwa wengi ni kutoa jino moja mbele, kisha uendeshe mwezi mzima kabla ya kugusa kingine. Sproketi ya mbele ni ya bei nafuu, na ukiitunza ile ya zamani unaweza kuirudisha kwa chini ya saa moja.

"Mbele au nyuma, ni mamoja tu"

Kwa uwiano, ndiyo. 14 na 42 ni 3.0 kamili, na 15 na 45 ni 3.0 kamili. Kwa chuma, hapana.

Kwa cheni ya 520 (namba ya saizi ya cheni), sproketi ya meno 15 ina kipenyo cha milimita 76 kwenye mstari wa pini, ya 14 ina 71, ya 13 ina 66. Kila jino unalotoa linaishusha cheni kama milimita 2.5 kuelekea swingamu. Ile raba inayoilinda swingamu upande wa mbele inaanza kuliwa haraka, na ikiisha cheni inakata alumini yenyewe. Pia kila kiungo kinakunjwa zaidi: nyuzi 24 kwenye meno 15, karibu 28 kwenye 13, na 30 kamili kwenye 12. Kukunjwa huko ndiko kunakolegeza pini. Kwa cheni ya 520 kwenye pikipiki ya safari, 13 ndiyo ya chini ninayokubali kuifunga, na anayetaka zaidi ya hapo aende nyuma. Ukishatoa jino mbele, kagua raba kila unapopaka cheni mafuta.

Ya nyuma nayo ina hesabu yake. Kila jino linaloongezwa linakula nusu ya kiungo, na ekseli inasogea mbele kama milimita 4. Meno matatu ni milimita 12. Angalia nafasi iliyobaki kwenye alama za swingamu kabla ya kununua: ikiwa ekseli tayari iko karibu na mwisho wa mbele, utahitaji cheni ndefu zaidi kwa viungo viwili. Haiongezwi kimoja, kwa sababu kiungo cha ndani na cha nje hupokezana. Ukitoa jino moja mbele, ekseli inarudi nyuma milimita 4 tu, na kwa kawaida cheni ileile inatosha.

Wenye Yamaha AG100 na AG200 wasipoteze muda na nyuma. Cheni yao iko ndani ya boksi lililofungwa, na sproketi kubwa itasugua boksi. Hapo mbele ndiyo njia.

"Gia ya nguvu inaua injini na kunywa mafuta"

Gia ya nguvu ndiyo hiyo unayoipata ukitoa jino mbele. Kwenye lami kwa spidi ileile, jino moja likitolewa, mizunguko inapanda asilimia 7 na mafuta yanaongezeka kidogo. Injini haifi kwa mizunguko iliyomo ndani ya kiwango chake. Inaumia zaidi ikibanwa kwenye gia kubwa, mafuta wazi, mlio mzito wa kugonga, joto linapanda na pikipiki haisogei. Porini, klachi isiyoteleza inaokoa mafuta pia.

"Alumini ni bora kwa sababu ni nyepesi"

Kwa mashindano ya siku moja, sawa. Kwa anayekwenda kilomita nyingi kwenye mchanga na tope, funga chuma nyuma. Mchanga uliochanganyika na mafuta ya cheni unasaga alumini mapema mno.

"Cheni imeisha, sproketi bado ziko vizuri"

Pima, usikadirie kwa macho. Ivute cheni ikaze, hesabu pini 21, pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi ya mwisho. Cheni mpya ya 520 inasoma milimita 317.5. Ikifika 323 imekwisha. Ya 428 inaanza 254, mwisho wake 259. Cheni iliyorefuka imeshayachonga meno yafuate urefu wake, na cheni mpya juu ya meno hayo inapanda ncha na kuharibika haraka. Badilisha vyote vitatu kwa pamoja. Ukiwa unataka kubadili uwiano, huo ndio wakati wake.

"Spidometa haihusiki"

Kwa zinazosoma gurudumu la mbele, kama DR650, haihusiki. Kwa zinazosoma kwenye gia boksi, kama CRF250L, inahusika sana: kutoka 14 hadi 13 mbele, spidometa inaandika 80 wakati unakwenda 74. Kilomita za safari zinadanganya vivyo hivyo. Ikiandika 100 umekwenda kama 93, na anayepanga mafuta ya porini kwa namba hiyo atajikuta amesimama kabla ya kituo.

Kuhusu kufunga

Legeza nati ya sproketi ya mbele cheni ikiwa bado imefungwa, mtu mwingine akikanyaga breki ya nyuma. Ukishatoa cheni, huna cha kuizuia shafti inayobeba sproketi hiyo isizunguke. Nyoosha kwanza ule ukingo uliokunjwa wa washa (kile kipete kinachoizuia nati), na ufunge washa mpya. Safisha tope lililo nyuma ya sproketi na uangalie kama sili ya shafti inavuja. Nati za nyuma zikazwe kwa mkingamo. Kama cheni ina kiungo cha klipu, upande wa klipu usio na uwazi utangulie kwenye mwelekeo cheni inakokwenda.

Kisha ulegevu. Usiupime pikipiki ikiwa imesimama mtupu halafu ukaondoka. Kaza mkanda wa mizigo uibane shoki, au wakalie watu wawili, hadi sproketi ya mbele, boliti ya swingamu na ekseli ya nyuma viwe kwenye mstari mmoja. Hapo ndipo cheni inapokaza kuliko mahali pengine popote, na hapo bado inapaswa kucheza kidogo kwa kidole. Isipocheza, kila shimo utakaloingia litaivuta shafti ya gia boksi, na fani yake itaanza kulia kabla cheni haijaonyesha kasoro. Rudia kipimo hiki baada ya kilomita 50 za kwanza, kwa sababu cheni mpya hulegea mwanzoni.