Je, wajua kwa nini almasi hukata kioo, na ndugu yake huchafua vidole?

Almasi huchimbwa Mwadui, Shinyanga. Kinywe, yale madini meusi ya penseli, kimejaa ardhini Mahenge, Morogoro. Moja hukata kioo. Kingine ukikigusa tu, vidole vimeshakuwa vyeusi. Ajabu ni kwamba vyote viwili ni kaboni. Mwaka 1797 mkemia Mwingereza Smithson Tennant aliichoma almasi, akapima kabonidayoksaidi iliyotoka, akakuta ni sawa na ile itokayo kwenye mkaa wa uzito uleule.

Tofauti iko katika namna atomi zinavyoshikana. Tuseme kila atomi ya kaboni ina mikono minne. Kwenye almasi, mikono yote minne imeshika majirani, nao wameshika wenzao, kila upande. Ukitaka kuikwaruza, huna budi kuvunja vifungo vyenyewe. (Nyundo huipasua, lakini. Kutokwaruzika ni jambo moja, kustahimili kipigo ni jingine.)

Kwenye kinywe ni mikono mitatu tu inayoshika, na majirani wote wamelala kwenye tabaka moja bapa, lenye pembe sita sita kama sega la nyuki. Matabaka hayo yamerundikana kama chapati kwenye sahani. Kati ya tabaka na tabaka kuna nanomita 0.335 (nanomita ni sehemu ya bilioni moja ya mita), kati ya atomi na atomi ndani ya tabaka, 0.142 tu. Kwa umbali huo, tabaka na tabaka hushikana kwa ulegevu tu. Ndiyo maana matabaka huteleza, na ukiandika, chapati za juu hubaki kwenye karatasi.

Usidhani basi kwamba tabaka lenyewe ni dhaifu. Vifungo vyake ni vifupi kuliko vya almasi, ambavyo ni nanomita 0.154, na vina nguvu zaidi. Wanafizikia Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walibandua tabaka moja kwa selotepu, jambo lililowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Tabaka hilo, grafini, ni miongoni mwa vitu imara kabisa vilivyowahi kupimwa.

Na mkono wa nne? Elektroni yake, chembe ndogo ibebayo umeme, hutangatanga ndani ya tabaka, hivyo kinywe hupitisha umeme. Almasi safi haina elektroni ya kutangatanga, kwa hiyo umeme haupiti. Joto, hata hivyo, hulipitisha kama mara tano ya shaba, kwa kuwa atomi zilizoshikana hivyo hupokezana mtikisiko upesi. Masonara wanalijua hilo: ncha ya moto ya kifaa chao ikigusa kipande cha kioo kilichochongwa kama almasi, hubaki na joto lake; ikigusa almasi, hupoa papo hapo.