Kaburi la Mtoto Kando ya Njia: Yakupasayo Kabla ya Kuchimba

Kila barabara inapopanuliwa au shamba la zamani linapokatwa viwanja hapa Pwani, malalamiko yanayotufikia sisi tunaohifadhi urithi wa kihistoria hufanana. Tingatinga limepita juu ya makaburi. Mwenye shamba anasema hakujua, mkandarasi anasema hakuoneshwa, mzee wa mtaa anasema alisema lakini hakusikilizwa. Yanayoumia zaidi ni makaburi ya watoto. Ni mafupi, wazazi wao walishafariki au walihama zamani, na mengi hayana alama zaidi ya vipande viwili vya tumbawe, kimoja kichwani na kingine miguuni. Fundi asiyeambiwa kitu huviona ni mawe ya kawaida na kuvitupa kwenye kifusi.

Tunaamini wananchi wengi hawana nia mbaya. Ndiyo maana tunaeleza hapa, kwa mfano wa familia moja ambayo historia yake imeandikwa vizuri, ni kitu gani hupotea kaburi la namna hii linapofutika, na mtu afuate njia gani anapolikuta.

Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na shirika la Church Missionary Society la Uingereza, alifika Zanzibar mwanzoni mwa mwaka 1844, akapewa na Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani, kisha akahamia Mombasa na mkewe Rosine mwezi Mei. Julai mwaka huohuo Rosine alijifungua mtoto wa kike. Homa ilikuwa imewaangusha wote wawili, mume kitanda hiki, mke kile. Rosine alifariki tarehe 13 Julai, na Krapf mwenyewe ameandika kwamba alijiinua kwa taabu kutoka kitandani ili ahakikishe kama kweli mkewe amekata roho. Siku chache baadaye kichanga nacho kikamfuata mama yake.

Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, sehemu ambayo leo ni Nyali. Lilikuwa ombi la Rosine. Alitaka kaburi lake liwe mahali ambapo Waswahili na Wamijikenda, waliokuwa wakiitwa Wanyika zama hizo, wangeliona wakipita na kukumbuka shughuli iliyowaleta wageni hao. Kwa hiyo kuzikwa kando ya njia hakukuwa dharura ya msiba, marehemu alipachagua. Krapf akawaandikia wakubwa wake London kwamba sasa liko kaburi la upweke katika pwani ya Afrika Mashariki, nao walichukulie kuwa dalili kwamba kazi imeanza.

Huyo hakuwa mtoto wao wa kwanza. Mwaka mmoja kabla, 1843, walipokuwa wakitoka pwani ya Bahari ya Shamu wakijaribu kurudi Uhabeshi, Rosine alijifungua kabla ya siku zake katika nyika ya Washoho, wenyeji wa eneo hilo. Mtoto, wa kike pia, aliishi kiasi cha saa moja. Baba alimbatiza Eneba, yaani chozi, akamzika chini ya mti kando ya njia. Siku ya tatu mama mzazi ilimbidi aendelee na safari, kwa sababu Washoho waliowachukua hawakukubali kusubiri zaidi.

Tunawaweka ndugu hawa wawili pamoja kwa sababu moja. Wa Mombasa alizikwa penye watu, tarehe zikaandikwa, mahali pakatajwa, na waliokuja baadaye wakapawekea ukumbusho, kwa hiyo hadi leo mtu anaweza kuonyeshwa alipolala. Wa kwanza ana jina zuri na sentensi chache: chini ya mti, kando ya njia. Kwa maelezo hayo huwezi kumtuma mtu akapatafute. Wazazi walikuwa walewale na uchungu ulikuwa uleule. Kilichomkosa Eneba ni mtu wa kubaki pale na kumwonyesha mwingine.

Na hapa tuseme wazi kuhusu mawazo fulani ambayo tumechoka kuyajibu.

La kwanza, kwamba kaburi lisilo na jiwe wala saruji si kaburi. Sehemu kubwa ya makaburi ya Waislamu wa Pwani hayajengewi kwa makusudi, na makaburi mengi ya familia mashambani hutambulika kwa mti tu au kwa mpangilio wa mawe. Aliyezikwa humo hapungukiwi heshima, wala ulinzi wa sheria haupungui.

La pili, kwamba makaburi ya wamisionari ni ya wazungu, hivyo hayatuhusu. Krapf ndiye aliyekusanya kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na maneno yaliyomo aliyapata kwa watu wa Mombasa na Rabai. Mkewe na mwanawe wamelala katika ardhi ya watu haohao. Anayetaka kuyatenga makaburi hayo na historia ya Pwani itambidi aeleze anapoikata historia hiyo.

La tatu ndilo linaloleta hasara kubwa: kwamba kaburi la Mjerumani lina dhahabu, au zebaki, au ramani ya mali iliyofichwa. Halina. Mmisionari wa mwaka 1844 aliishi kwa posho ya shirika lake, na mtoto wa siku chache huzikwa na kitambaa alichoviringishwa. Wanaochimba usiku wakitafuta mali wanaambulia mifupa laini ya kichanga, na wanakuwa wametenda kosa la jinai. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura 63, inakataza kuingia mahali pa maziko au kuivunjia maiti heshima kwa nia ya kuumiza hisia za watu au huku mtu akijua kwamba huenda zikaumia, na mhusika anaweza kushtakiwa hata kama hakuondoka na chochote.

La nne tunalisikia kwa watu waliosoma, tena wakiwa na nyaraka mkononi: nimenunua, nina hatimiliki, basi naondoa. Hatimiliki inakupa ardhi. Haikupi ruhusa ya kufukua mtu.

Sasa utaratibu, na tunaomba usomwe polepole kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosea hata wakiwa na nia njema. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006, Sura 216, inayahesabu mabaki ya binadamu ya kabla ya mwaka 1895 kuwa mambo ya kale, sawa na vyombo na vitu vya umri huo. Kwa hiyo jambo la kwanza kuuliza ni umri. Kama kaburi ni la kabla ya 1895, au kama umri haujulikani na kuna kila dalili ya ukongwe, kazi isimame mahali hapo na taarifa ipelekwe Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Sheria inampa aliyegundua mnara, yaani mahali au jengo la kihistoria, au kitu cha kiakiolojia siku saba za kutoa taarifa, akieleza mahali hasa na jinsi alivyokipata. Siku saba ni ukomo. Usingoje ya sita. Uchimbaji wa kitaalamu nao una leseni yake, na leseni hiyo haipewi mwenye kiwanja wala fundi wake.

Kama kaburi ni la karibuni, njia ni nyingine. Chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, hairuhusiwi kufukua mwili au mabaki popote yalipozikwa bila kibali. Kibali huombwa na msimamizi halali wa marehemu, au ndugu wa karibu, au wakala waliyempa idhini, na hutolewa pamoja na masharti ya tahadhari ambayo ni lazima yafuatwe. Mwenye shamba asiye na undugu na marehemu hawezi kujiombea mwenyewe. Afanye kwanza kazi ya kuwatafuta jamaa, na chifu na wazee wa mtaa ndio wa kuanzia. Kibali cha mdomo hakipo. Barua ya chifu peke yake, hata ikiwa na muhuri, si kibali cha kufukua. Tunalirudia hili kwa sababu kila mara tunaletewa barua hizo mifupa ikiwa tayari imo ndani ya gunia.

Kwa barabara, wakati wa kusema ni mapema sana kuliko watu wanavyodhani. Mradi mkubwa hupitia tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya mwaka 1999, na humo wananchi wana nafasi ya kutoa maoni. Huo mkutano unaoitishwa shuleni au chini ya mwembe, ambao wengi huuona ni wa kupoteza muda, ndio mahali pa kusema: pale penye mbuyu kuna mtoto amezikwa. Mchoro ukishapitishwa na mashine zikishafika, kuhamisha njia hata kwa mita chache kunagharimu, na mhandisi hatakuwa na moyo wa kusikiliza.

Kaburi au eneo lenye umuhimu wa pekee linaweza pia kutangazwa na Waziri katika Gazeti Rasmi la Serikali kuwa mnara wa kitaifa. Mwenye pingamizi hupewa miezi miwili kuliwasilisha. Lakini isieleweke kwamba lisilotangazwa halina mwenyewe. Hakuna serikali itakayoweza kulitangaza kila kaburi la mtoto kati ya Vanga na Lamu, na wala halitegemei tangazo ili liheshimiwe.

Onyo moja zaidi kuhusu alama. Kung'oa jiwe la kaburi, kibao au kigango, yaani nguzo ya mbao iliyochongwa kumkumbuka marehemu, na kukiuza kunaweza kuwa kosa, hata kama anayeuza ni wa ukoo huo. Vigango vya Wamijikenda viliibwa miaka mingi na kuuzwa hadi Marekani. Baadhi vimerudishwa, lakini kigango kikirudi bila kumbukumbu ya kilipong'olewa, hakuna wa kusema kirejeshwe wapi.

Anayekuja kuripoti aje na haya: jina la mtaa au kijiji, alama ya kudumu iliyo karibu, picha iliyopigwa kwa mbali ikionyesha mazingira na nyingine ya karibu, majina ya wazee wanaolifahamu kaburi, na jina la marehemu kama linajulikana, hata la utani. Kama simu yako inaweza kuonyesha majira ya mahali, yaani namba za GPS, yaandike. Usisafishe, usipake chokaa, usifukue ili kuhakikisha. Kwa walio Mombasa, Fort Jesus iko chini ya Makumbusho ya Kitaifa na taarifa inaweza kupelekwa huko. Kwa walio mbali, mpe chifu taarifa kwa maandishi na ubaki na nakala yenye tarehe.