Marehemu aliyeshika soda: "my", "our" na ritifaa kwenye barua zenu za Kiingereza

Miezi ya karibuni dirisha letu la tafsiri hapa Mwanza limejaa lalamiko moja: "Barua yangu mmeirudisha mara mbili na hamsemi kosa ni nini." Kosa tunalisema. Tunaliandika kwa penseli pembeni mwa karatasi. Ila nakubali kwamba neno "kimilikishi", yaani neno la kuonyesha mali ni ya nani, lililoandikwa kwa penseli halimsaidii sana mtu aliyevuka asubuhi kutoka Ukerewe akitegemea kurudi jioni na barua yake mkononi. Ndiyo maana nimeagizwa niandike haya.

Kabla ya yote, nifute dhana moja. Sheria iliyobadilishwa mwaka 2021 ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Haikupiga Kiingereza marufuku. Mnunuzi wa minofu aliye ng'ambo, ubalozi, chuo cha nje, wote hao bado wanataka barua ya Kiingereza, na sisi bado tunaikagua. Anayekuja dirishani kutuambia "siku hizi Kiingereza hakitakiwi" huku ameshika barua ya Kiingereza anayotaka tuigonge muhuri, atuwie radhi tukicheka.

Sasa nije kwa ndugu wawili wa Kirumba, ambao wameniruhusu niwasimulie bila majina. Walikuwa na mtumbwi mmoja wa dagaa, wa ubia, nusu kwa nusu. Usiku mmoja dhoruba ikaupindua ukiwa umefungwa, hakuna mtu ndani. Mdogo mtu akaenda steshenari akamwambia kijana wa kompyuta: "Andika hivi, mtumbwi wangu na kaka yangu umezama." Kijana akapiga: "My brother and my boat sank." Barua ikatumwa kwa Mwingereza mmoja aliyewahi kuwasaidia kununua mashine ya mtumbwi huo. Baada ya siku mbili jibu likaja: pole ndefu ya kurasa mbili, na swali kwamba mazishi ni lini. Hapo ndipo walipokuja kwetu, wote wawili, marehemu akiwa ameshika chupa ya soda.

Tazameni ilivyotokea. Kwa Kiswahili hakuna aliyemzika kaka. Ile "u" ya "umezama" inaunyooshea kidole mtumbwi, mtumbwi peke yake. Kama kaka naye angezama, kitenzi kingebadilika, au mdogo wake angeanza na habari ya kaka kwanza kabla ya kutaja mbao. Kiingereza hakina "u" hiyo. "Sank" ni hiyo hiyo kwa mtu, kwa mtumbwi na kwa vyote viwili pamoja. Kwa hiyo mzigo wote wa kueleza nani mwenye mali na mali ni ipi unaangukia kialama kimoja kidogo, ritifaa, kile kile tunachoandikia ng'ombe na ng'ambo, pamoja na "s" inayokifuata. Kijana wa steshenari hakukiweka. "My brother" ikabaki mtu kamili aliyesimama sambamba na "my boat", na vyote viwili vikaenda chini.

Ukitaka kuelewa kwa nini Watanzania tunakosea hapa, angalia alama inakaa wapi. Kwetu mali ndiyo hubeba alama: mtumbwi wangu, jembe langu, chombo changu, nyavu zangu. Mwenye mali ni mimi yule yule, lakini neno linabadilika kufuata kitu. Kwa Mwingereza alama hubebwa na mwenye mali, na kitu hakimhusu: "my boat", "my hoe", "my nets". Nchi mbili, desturi mbili. Mtu akihamisha maneno bila kuhamisha desturi, matokeo ni kama hayo ya Kirumba.

Wenye mali wakiwa wametajwa kwa majina, mambo ni mepesi. "Kulwa and Doto's boat" ni mtumbwi mmoja wa wote wawili, alama moja inatosha, nayo hukaa kwa wa mwisho. "Kulwa's and Doto's boats" ni kila mmoja na wake. Tofauti hiyo ya alama moja ndiyo tunayoirudishia watu barua, na si ukorofi.

Ugumu unakuja mwandishi anapojiingiza mwenyewe. Majina yanaweza kuchangia alama moja, lakini "I" na "me" hazina mahali pa kupachikwa ritifaa kwa Kiingereza cha ofisi, kwa sababu zina umbo lao la umiliki tayari, yaani "my". Basi kila mmoja anabeba lake: "my brother's and my boat". Ndiyo, inakwaruza masikio. Hata Waingereza wenyewe inawakwaruza, na wengi wanaikwepa. Ukikaa nao utasikia "me and my brother's boat", na siku hizi utasikia sana "my brother and I's boat", kutoka kwa watu waliosoma vizuri tu. Nimeulizwa mara nyingi: kama wenye lugha wanasema hivyo, nyinyi ni nani wa kukataa?

Swali zuri, tena lina jibu. Ile "s" ya Kiingereza ina tabia ya kudandia mwisho wa fungu zima la maneno, hata kama neno la mwisho silo lenye mali. Wanasema "the King of England's daughter" na kila mtu anaelewa kwamba binti ni wa mfalme. Hakuna anayedhani ni binti wa nchi. Kwa hiyo mdomo wa Mwingereza unaichukua "my brother and I" kama fungu moja, mtu mmoja mwenye vichwa viwili, na kuidandishia "s" mwishoni. Inaeleweka, na katika mazungumzo haina madhara. Mimi binafsi siiiti ujinga. Lakini barua ya benki au ubalozi husomwa na mtu ambaye kazi yake ni kutafuta sababu ya kuiweka pembeni, na "I's" ni sababu nono.

Kuna na wale walioshikilia kwamba "and I" ndiyo adabu, basi kila mahali wanaiweka. Mwalimu alikukataza kuanza sentensi kwa "me and my friend", sawa, alikuwa anakufundisha mtenda. Hakusema "me" ni tusi. Nimeona barua imeandikwa "the house of my wife and I" na mwenyewe akasimama kidete kwamba ndicho Kiingereza cha heshima. Si cha heshima. Ni "my wife's and my house", au, ukitaka ushauri wangu, acha kabisa kushindana na ritifaa uandike "the house my wife and I own". Maneno mawili zaidi, utata umekwisha. Au wataje wenye mali juu ya barua kwa majina kamili, kisha chini useme "our house" kwa amani. Barua ya wale ndugu tuliiandika upya hivyo: "The boat that my brother and I own has sunk. Nobody was on board." Sentensi ya pili niliiongeza mimi, kwa tahadhari.

Kitu kikishatajwa, umbo linabadilika: "the boat is my brother's and mine". Hapo "my" haiwezi kusimama peke yake. Na rafiki yangu mmoja ni "a friend of mine", kamwe si "a friend of me".

Ritifaa nyingine zinazotusumbua ni zile zinazowekwa pasipohitajika, kama kitunguu juu ya chai. "Hers", "ours", "yours", "theirs", zote hazina ritifaa. "Its" ya umiliki haina ritifaa. Yenye ritifaa, "it's", ni kifupi cha "it is" au "it has", basi. Najua kinachowachanganya: "Kulwa's" ina alama, kwa nini "its" isiwe nayo? Waingereza nao iliwasumbua, katika karne ya 17 na ya 18 wengi waliandika "it's" kwa umiliki bila aibu. Neno lenyewe si la zamani sana. Zamani kitu kisicho na uhai nacho kilikuwa "his". Mwenye Biblia ya Kiingereza ya King James afungue Mathayo 5:13, atakuta chumvi imepoteza "his savour", na toleo la kwanza la mwaka 1611 halina "its" hata mara moja. Kwenye Mambo ya Walawi 25:5 lilisomeka "it own accord". Kwa hiyo anayekosea "its" ana wenzake wa heshima. Barua yake itarudi vilevile.

Naomba pia mabango. "Fish's" si wingi wa samaki. "Passenger's" si abiria wengi. Wingi haumiliki kitu, hauhitaji alama.

Tukija kwenye "yake", hapa ndipo nyaraka zinapoharibika kimyakimya, bila mtu kucheka. Kiswahili hakiulizi kama mwenye mali ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza kinauliza kila mara, "his" au "her", na kinamuuliza mwenye mali; jinsia ya kinachomilikiwa haihusiki. "Mary amekuja na mumewe" ni "her husband", kwa sababu Mary ni mwanamke. Watu wanamwangalia mume, wanaandika "his". Kwa majina ya huku kwetu hali ni mbaya zaidi. Kulwa na Doto ni pacha, mmoja ametangulia kuzaliwa na mwingine akafuata, na jina halikwambii kama ni wa kiume au wa kike. Mkalimani aliyeko London akipewa "Kulwa na vyeti vyake" atakisia. Akikisia vibaya, cheti kinasema mwanamke na barua inasema mwanamume, na Kulwa anaanza safari ya viapo. Msipojua, andikeni jina tena, au "their", ambayo Kiingereza kimeitumia kwa mtu mmoja asiyejulikana tangu karne ya 14. Programu za simu za kutafsiri haziwaulizi Kulwa ni nani, zinachagua tu.

Na kuna umiliki wa moyo, ambao hauna tafsiri. Ukisema "mwanangu" kwa mtoto wa kaka yako, hapa Mwanza hakuna anayekudai cheti. Ukiandika "my son" kwenye fomu ya viza na cheti cha kuzaliwa kikaonyesha baba mwingine, afisa haoni mila zetu, anaona uongo. Andika "my brother's son", kisha ongeza kwamba ndiye unayemlea. Vivyo hivyo "kwetu". Mtu anaishi peke yake Igoma, anaandika "our house", anaulizwa mwenza ni nani, anakasirika. Kwetu ya Kiswahili ina ukoo mzima ndani yake. "Our" inahesabu vichwa.

Kuhesabu vichwa kuna uzito wake. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 60, mali iliyopatikana ndani ya ndoa ikiwa kwa jina la mmoja huchukuliwa ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na ikiwa kwa majina ya wote wawili huchukuliwa maslahi yao ni sawa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Barua yako haibadilishi hati, na nisinukuliwe kwamba "our" inampa mtu nusu ya nyumba. Ninachosema ni kwamba mtu akiandika "my" mahali palipo na "our", atatakiwa kueleza, na kueleza kunachukua muda kuliko kuandika.

Utaratibu wa marekebisho, kwa sababu ndio unaoulizwa kuliko yote. Leta nakala halisi na kivuli kimoja, pamoja na kitambulisho cha Taifa. Kosa hukatwa kwa mstari mmoja wa wino, likiachwa lisomeke. Neno sahihi huandikwa juu yake na wewe mwenyewe unasaini kifupi pembeni. Wino mweupe wa kufutia hatupokei, hata kwa herufi moja. Kama ni kiapo, marekebisho hayafanyiki dirishani: unarudi kwa kamishna wa viapo, kinaandikwa upya, na yeye lazima aandike jina lake, mahali na tarehe ulipoapa. Kiapo kisicho na mahali na tarehe tutakirudisha hata kama ritifaa zake zimekaa kama jeshi.

Na jambo ambalo sikupenda kuliandika. Tumepokea karatasi zilizokwisha kugongwa muhuri, kisha mtu akaongeza ritifaa kwa peni nyumbani baada ya kusoma maelezo yetu ya penseli. Naamini nia ilikuwa njema. Lakini kubadilisha waraka halisi bila mamlaka, kwa nia ya kudanganya, ni kughushi chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na adhabu yake ya jumla ni kifungo cha miaka 7. Sisemi kinukta kinampeleka mtu jela. Nasema nikiona wino wa rangi mbili siwezi kujua nia yako, na waraka nitauzuia mpaka uje ujieleze kwa maandishi.

Barua zilizorudishwa bado ziko kwenye jalada la bluu pale dirishani. Zifuatwe na wenyewe, si jirani wala dereva wa bodaboda, na kitambulisho mkononi. Akija mtu kusema "nimefuata ile ya kwetu", ataulizwa ni ya nani na nani.