Usiku wa kupimwa usingizi: kinachoharibu kipimo

Mwenza wako akikuambia unakoroma, unakata pumzi, kisha unashtuka ukihema, mwamini. Wewe ulikuwa umelala. Katika ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, koo hujifunga, oksijeni hushuka, na ubongo hukuzindua bila wewe kukumbuka asubuhi. Dereva wa lori la Tunduma anayesinzia mchana asingoje majibu ndipo aache usukani.

Kuupima, unalala kwetu usiku kucha ukiwa na vihisio, vifaa vidogo vya kusoma mwili. Wengi huogopa kwamba usingizi hautakuja wakiwa na nyaya mwilini. Usingizi wa mang'amung'amu kwa kawaida hututosha. Kinachoharibu kipimo ni vihisio visivyoshika. Vya kichwani husoma mawimbi ya ubongo, hivyo lazima vishikane na ngozi: osha nywele siku hiyo, usipake mafuta kichwani wala usoni, wigi libaki nyumbani, na kama umesuka tuambie mapema. Kifaa cha kidoleni hupima oksijeni kwa mwanga, kwa hiyo hina, rangi ya kucha na kucha za bandia hukipotosha. Baridi nayo! Mbeya au Makete, Juni na Julai, vidole vikipoa damu hupita kidogo na usomaji hukatika. Njoo na sweta na soksi.

Kahawa na chai ziishie asubuhi. Ulanzi na komoni usiguse, maana pombe hulegeza koo na kuonyesha ugonjwa mkali kuliko ulivyo siku zote. Dawa zako endelea nazo, ila zitaje zote.

Kufungwa vifaa huchukua kama dakika 30 hadi 60: kichwani, kando ya macho, kidevuni, miguuni, mikanda miwili kifuani na tumboni, na kijimrija puani. Hakuna sindano. Ukibanwa na haja ndogo, ita mhudumu achomoe kisanduku zinapoungana nyaya. Nyaya zinabaki mwilini.

Tunahesabu mara ambazo hewa imekatika au kupungua kwa sekunde 10 au zaidi, kwa kila saa ya usingizi. Mara 5 hadi 14 ni hali nyepesi, 15 hadi 29 ya kati, 30 na kuendelea ni kali. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na oksijeni ya mkazi wake huanzia chini kidogo kuliko ya mtu wa Dar es Salaam; kwa hiyo tunatazama imeshuka kiasi gani kutoka kiwango chako mwenyewe.

Kipimo cha kubeba nyumbani mara nyingi hakisomi ubongo. Kwa hiyo saa ulizokaa macho huhesabiwa pamoja, na idadi hutoka ndogo kuliko ukweli. Kikisema huna tatizo na bado unasinzia mchana, rudi upimwe usiku kucha kwetu.