Kwa nini mikwaruzo ya gari huonekana imelizunguka jua?

Chukua gari jeusi lililotoka kuoshwa, lisogeze juani saa saba mchana, kisha itazame boneti pale jua linapojionyesha kama kiooni. Utaona mikwaruzo myembamba imelizunguka kwa miduara, mmoja ndani ya mwingine. Sasa piga hatua mbili kushoto. Jua limehama kwenye boneti, na miduara imehama nalo. Mikwaruzo haina miguu, kwa hiyo hapo kuna jambo.

Mikwaruzo yenyewe imelala kila upande, kwa maelfu, bila mpangilio wowote. Kila mmoja ni kijifereji ambacho kuta zake hurusha mwanga kuelekea ubavuni mwake tu. Iliyokaa kwa kukingama na mwanga ndiyo inayong'aa machoni mwako. Mingine ipo palepale lakini huioni. Ukiikusanya ile inayoonekana peke yake, unapata duara lenye jua katikati. Mchezo huohuo utauona chini ya balbu kwenye sufuria ya stili iliyosuguliwa kwa stili waya.

Kwa hiyo vijana wanaoosha magari wanasingiziwa wanapoambiwa miduara imetokana na kusugua kwa kuzungusha mkono. Hata wangesugua kwa mistari iliyonyooka, leo huku na kesho kule, duara lingetokea tu. Kosa, kama lipo, ni tambara lililoanguka chini likaokotwa likaendelea na kazi. Vumbi la barabarani lina mchanga, na sehemu kubwa ya mchanga ni kwatzi, madini yaliyo magumu kuliko kisu cha chuma. Rangi ya gari kwa juu ni plastiki. Hapo mshindi anajulikana.

Nasema plastiki kwa maana yake halisi. Juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, kisha praima, yaani rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka angavu lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Tabaka zote hizo kwa pamoja, kwenye gari ambalo halijapigwa rangi upya, kwa kawaida hazifiki milimita 0.15. Klia peke yake huwa kama milimita 0.04, karibu nusu ya unene wa unywele. Mng'ao wote unaokufanya ugeuke kulitazama gari baada ya kuliegesha unakaa humo, na kinga yote dhidi ya jua iko humo humo. Klia ilienea kuanzia miaka ya 1970 na 1980, pamoja na rangi za metaliki. Wazee waliomiliki Peugeot 504 wanakumbuka tambara la polishi likitoka na rangi ya gari. Tambara la leo, kwenye gari lenye klia, halipaswi kuchukua rangi. Likichukua, ama gari halina klia, jambo ambalo bado hutokea kwenye baadhi ya magari meupe, ama klia imekwisha na unachosugua ni rangi.

Polishi basi inafanya nini? Wengi wetu tunaichukulia kama mafuta ya kupaka, na hapo ndipo magari yanapoharibikia. Polishi ni rojo lenye chembe ngumu, mara nyingi za oksidi ya alumini, zinazokata klia kidogo kidogo mpaka uso wake ushuke kufikia kitako cha mkwaruzo. Mkwaruzo haukuzibwa, kingo zake ndizo zilizoondolewa. Polishi laini ya mkono inaweza kuchukua maikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, au chini ya hapo. Mashine yenye polishi kali huchukua kadhaa. Una maikroni 40 hivi, na huna ruhusa ya kuzimaliza, kwa sababu klia ikishakuwa nyembamba sana jua huipenya, inapauka na kuanza kubanduka vipande vipande, kwanza kwenye paa na boneti. Hapo hakuna polishi ya kukusaidia, ni kwenda kwa fundi wa rangi.

Kuna pia makopo yaliyoandikwa polishi ambayo ndani yake ni mafuta na nta tupu. Hayo hayakati kitu, yanajaza vijifereji na kuvificha. Gari litang'aa Jumamosi, na baada ya kuoshwa mara chache mikwaruzo itarudi yote. Si udanganyifu mbaya sana, ilimradi ujue umenunua nini.

Nta ndiyo kinyume cha polishi: yenyewe inaongeza. Maarufu zaidi ni karnauba, inayopatikana kwenye majani ya mti fulani wa jamii ya mnazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili. Inayeyuka kwenye nyuzijoto 80 na kitu, kiwango kikubwa kwa nta ya asili, lakini boneti nyeusi ikishinda juani inaweza kupita nyuzi 70, kwa hiyo kwenye pwani yetu usitegemee ikae zaidi ya wiki chache. Nta za viwandani, zinazotengenezwa kwa polima, hudumu miezi. Mipako ya seramiki, kimiminika kinachopakwa kikakauka kuwa tabaka gumu, hudumu zaidi, na bei yake nayo iko juu. Ukisikia muuzaji anasema ugumu wake ni 9H, jua kwamba kipimo hicho ni cha penseli: ncha ya penseli ngumu kabisa haikuikwaruza. Hakimaanishi kwamba mchanga utashindwa.

Nta na mipako hiyo ni kinga pia, na kinga hiyo ina kazi kubwa kuliko mng'ao. Jua huvunja kemikali za rangi, na nyekundu nyingi, ambazo hutengenezwa kwa kemikali za kaboni, hupauka mapema, wakati nyeupe hutokana na madini ya titani yasiyojali jua. Kisha kuna kunguru. Yule wa India, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na sasa amejaa Dar es Salaam na Mombasa, hachagui gari la kupamba. Kinyesi cha ndege kina asidi, na joto linazidisha: klia hulainika na kutanuka mchana, hupoa na kusinyaa jioni ikiwa imeshikamana na kile kinyesi, na alama inabaki. Kinyesi kilowanishe kwanza kwa maji, usikikwangue kikiwa kikavu.

Ukitaka kuifanya kazi mwenyewe nyumbani, tafuta kivuli na usubiri bati lipoe. Mwaga maji mengi kwanza ili mchanga uondoke wenyewe, kisha osha kuanzia paa kushuka chini, ukiwa na ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa kabla hujakirudisha kwenye sabuni. Hatua hiyo ya ndoo ya pili ndiyo watu wanayoiruka, na mimi naona ina thamani kuliko kopo lolote la dukani. Sabuni ya unga ya kufulia waachie nguo. Imetengenezwa kuondoa mafuta, na nta yako ni mafuta. Kausha kwa taulo ya maikrofaiba, hasa kama maji yako ni ya kisima, maana yakikauka yenyewe juani yanaacha madoa ya chokaa na chumvi.

Kabla ya kupiga polishi, pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukikwama, mkwaruzo huo ni mrefu kwenda chini kuliko klia unayoweza kuikata salama, uache. Anza na polishi laini kuliko unavyodhani inahitajika, kwenye eneo dogo lisiloonekana, na ukae mbali na kingo za milango na mikunjo ya bodi, kwa sababu huko rangi ni nyembamba zaidi. Funika plastiki nyeusi kwa utepe wa karatasi, la sivyo itabaki na weupe unaokera. Nta baadaye iwe tabaka jembamba tu, iache ikauke kiasi cha kufanya ukungu, kisha futa. Dizeli au mafuta ya taa, ambayo wengine huyapaka ili gari jeusi liwake, yanang'aa saa chache huku yakikusanya vumbi la mtaa mzima.

Maji yakimwagwa kwenye boneti na kutandaa badala ya kujikunja matone, nta imekwisha. Paka nta tena, na polishi usiiguse.

Taa za mbele zilizogeuka njano, ugonjwa wa magari mengi yanayotoka Japani yakiwa yametumika, zina kisa kilekile. Ni plastiki iliyopoteza tabaka lake la kinga. Dawa ya meno huondoa ule unjano kweli, kwa kuwa nayo ina chembe za kusugua, lakini inaiacha plastiki uchi, na usipopaka kinga mpya ya kuzuia miale ya jua, unjano hurudi baada ya miezi michache.